Kinubi Kilicholala kwa Kuku

Mwanangu, sogea hapa karibu. Hii maneno sijaambia kila mtu, lakini wewe nakuamini, najua huwezi kunicheka kabla sijamaliza. Ukishindwa, cheka tu. Hata mimi sasa nacheka, na kuna wakati nilikuwa sicheki.

Mimi si mzee sana. Niko arobaini na kitu, ni magoti tu yamenitangulia. Lakini kuishi kwingi ni kuona mengi, na hata kwa hii kidogo nimeishi, nimeona ya kukutosha wewe na watoto wako.

Basi siku yenyewe bado iko machoni mwangu. Ilikuwa Jumamosi, nyumbani kwetu Misikhu, na mimi nilikuwa msichana wa miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimeokoka wiki tatu. Unajua mtu ameokoka wiki tatu vile anakaa? Ni kama chai imechemka na hakuna mtu wa kutoa sufuria kwa moto. Nilikuwa nakemea kila kitu. Nilikemea redio ya jirani. Nilikemea mbwa, akahama, nikasema amina. Na kwa nyumba yetu kulikuwa na kitu kimoja nilikuwa nimekiwekea macho, nacho ni litungu ya baba.

Litungu, kama hujawahi kuiona, ni ile chombo yetu ya Bungoma ya nyuzi saba. Iko na bakuli ya mbao imefunikwa ngozi, mikono miwili imepanda juu kama pembe za ng'ombe, na kijiti kimelala hapo juu kushika nyuzi. Baba alichonga yake mwenyewe na mti wa mukomari. Na mpiga litungu wa kwetu haimbi maneno ya hewa. Anaimba watu. Anakuangalia pale umekaa, anaimba jina lako, la baba yako, la babu yako, ng'ombe za mahari zilitoka boma gani, na nani aliteleza kwa mto siku ya kwenda kuposa. Baba alikuwa anaweza kuimba arusi nzima bila kuruka mtu hata mmoja. Kichwa yake ilikuwa kabati ya chifu, kila mtu na faili yake.

Lakini kwangu hiyo ilikuwa ngoma ya shetani. Kwa nini? Kwa sababu pale inapigwa, mara nyingi kuna mtungi wa busaa, ile pombe yetu, karibu. Sikujiuliza ni shetani gani anakumbuka majina ya babu za watu hivyo.

Hiyo Jumamosi akina mama wa maombi walikuwa wanakuja kwetu. Baba alikuwa ameenda Bokoli kuangalia ndama. Niliona litungu imening'inia kwa ukuta, nikaona aibu, nikaona watasema nini. Nikaitoa. Nikaenda nayo mpaka kwa nyumba ya kuku, nikaisukuma ndani kabisa, nikaifunika na nyasi. Nikanawa mikono, nikarudi kuimba haleluya.

Baba akaja wakati tunakunywa chai. Akaangalia ukuta.

"Nani ameona litungu yangu?"

"Labda ni wezi, Papa," nikasema.

Wezi! Mtu ana wokovu wa wiki tatu, na uwongo umetoka bila hata kukohoa. Baba akaniangalia. Akaangalia akina mama na vikombe vyao. Halafu akavuta kiti.

"Basi," akasema. "Mwizi wa litungu huwa anairudisha mwenyewe. Niongezeeni sukari."

Hakutafuta tena. Na hakuchonga nyingine. Mimi nikaona maombi yamejibiwa, na Jumapili iliyofuata nikasimama kanisani nikatoa ushuhuda: ati Bwana ameondoa chombo cha giza kwa nyumba yetu. Watu wakapiga makofi. Baba alikuwa ameketi safu ya tatu. Na yeye alipiga makofi.

Kule kwa kuku, panya wakakula ngozi, bakuli ikabaki wazi. Kuku mmoja mweupe akaiona ni nyumba nzuri. Akataga humo, akalalia humo, akaangua vifaranga kumi na moja ndani ya dhambi yangu.

Wanasema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu, bana. Ilitoka Misikhu mpaka Kitale, kwa sababu niliolewa huko. Mume wangu ni Mkikuyu wa hapo Kitale, wazazi wake walikuja kulima mahindi kitambo, na kama sisi watu wa Bungoma, L na R zake ziko na shida zake, kwa hivyo kwetu hakuna wa kumrekebisha mwenzake. Nauza mboga sokoni, miroo, saga na managu. Tukazaa Njeri na wadogo zake, tukalea, miaka ikaenda.

Mama yangu akafariki. Baba akabaki Misikhu na ndugu yangu na mke wake, Mama Wekesa. Na siku moja asubuhi Mama Wekesa akanipigia simu.

"Mama Njeri, Papa ametoka na suluari mbiri."

"Mbili aje?"

"Moja kwa miguu, moja kwa shingo. Yuko kwa balabala."

"Anaenda wapi?"

"Anasema anaenda kumreta mama sokoni."

"Mama yupi?"

"Mama yetu. Yure turizika."

Nilifunga kibanda saa hiyo hiyo.

Nilipofika, baba alikuwa amerudishwa, ameketi kwa varanda, suruali ya pili imekunjwa kwa mapaja kama leso. Nikainama kumsalimia. Akanipapasa bega, polepole, na mapenzi mengi.

"Losi," akasema. "Simama vizuri. Usipige teke."

Rosi, mwanangu, ni ng'ombe. Tulikuwa na ng'ombe wa maziwa anaitwa Rosi wakati nikiwa mdogo. Ng'ombe mzuri, sikatai. Lakini mimi si yeye.

"Papa, ni mimi, Nasimiyu."

"Ndiyo, Losi. Tulia nikukamue."

Mama Wekesa akacheka, mimi nikacheka, halafu nikaenda nyuma ya jikoni nikalia mpaka kanga ikalowa. Yale mengine yote nilikuwa naweza kuvumilia, suruali kwa shingo, kutafuta marehemu sokoni. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: baba aniite jina langu tena, hata mara moja, akijua ni mimi. Hiyo ndiyo nilikuwa nalilia Mungu kila siku.

Na mtu akiwa na haja hivyo, anakuwa mjinga. Soko ya Misikhu kulikuwa na mtu na spika, anauza unga ya dawa ya ubongo. Nikanunua. Nilipofika nyumbani nikasoma karatasi polepole, nikaona ati inatibu ubongo, meno, mgongo, na kideri ya kuku. Baba alikataa kuikunywa. Mama Wekesa akapea kuku. Hakuna kuku alikumbuka kitu.

Basi mimi na Mama Wekesa tukampeleka baba kliniki Bungoma. Daktari alikuwa kijana mpole, mzaliwa wa Nairobi, Kiswahili yake imepigwa pasi. Akampima presha, akampima sukari, akaangalia masikio, akaandika. Halafu akasema, "Mzee, nitakupa maneno matatu. Uyarudie, halafu baadaye nitakuuliza tena. Kalamu. Mlango. Kuku."

Mwanangu, kwa maneno yote ya dunia, kweli lazima angechagua kuku?

"Karamu," baba akasema. "Mrango. Na kuku." Hapo kwa kuku akageuka akaniangalia. Nikajifanya natafuta kitu kwa mkoba.

"La kwanza tena, mzee?"

"Karamu."

"Mimi nilisema kalamu. Karamu ni ya kula."

"Si ndiyo," baba akasema. "Ya kula. Unaingia pare ndani, wanakupatia karamu, unaweka arama kwa mtu wako, harafu wanakupaka wino kwa kidore."

Daktari akaweka kalamu chini. Akaangalia karatasi, akaangalia baba, akaangalia mimi.

"Daktari," nikamwambia, "huku kwetu L na R walibadilishana boma. Kila mmoja anaishi kwa mwenzake. Mzee anasema kalamu ya kupiga kura. Hiyo mpe alama yake."

Akacheka sana, akampa. Lakini kicheko haikukaa. Baada ya dakika chache akauliza, "Mzee, yale maneno yalikuwa yapi?"

"Maneno gani?" baba akauliza, na adabu, kama mtu hataki kusumbua. Akaulizwa mwaka. Akasema ni ule wa nzige. Akaulizwa, "Huyu mama ni nani?"

"Ng'ombe wangu, Losi."

Daktari akaniangalia.

"Mimi si ng'ombe," nikasema, kana kwamba hiyo ilihitaji shahidi.

Basi akatueleza bila kutuficha. Akasema uzee umeingia kwa kichwa, na yale yameenda hawezi kuahidi yatarudi. Dawa ya presha tumpe kila siku, alale vizuri, asikae peke yake. "Lakini yale yaliyobaki yanataka kazi," akasema. "Kuna kitu mikono yake ilijua sana? Kama kupiga chombo cha muziki hivi? Hiyo ni kazi kubwa kwa ubongo, hata kwa mzee. Vidole vinafanya, masikio yanasikiliza, mdomo unaimba, na kumbukumbu inatafuta neno linalofuata. Ni kama mtu amepiga nduru kijijini, kila nyumba inaamka."

"Hakuna," nikasema haraka. "Hakupiga kitu."

Huo ni uwongo wa pili, mwanangu, na huu niliuweka mbele ya stethoskopu.

"Ai, Mama Njeri," Mama Wekesa akasema. "Si watu wanasema Papa arikuwa anapiga ritungu mpaka Kimiriri wanakuja? Si wewe mwenyewe urisema iriibiwa?"

Nikasema twende, tutachelewa gari.

Sasa, hapo ningebaki kama si ngumbaru, ile shule ya watu wazima. Mimi niliachia shule darasa la sita. Watoto walipokua nikaona nijiunge na masomo ya jioni hapo Kitale, tunakaa kwa madawati ya watoto, magoti yanagusa kidevu. Mwalimu wetu ni mama mmoja mkali kidogo, lakini na moyo. Jioni moja akaandika neno ubaoni: KINUBI.

"Nani anajua kinubi ni nini?"

Nikainua mkono juu kuliko wote. Maanake kinubi najua! Kanisani mhubiri akisema "tumpigie Bwana kinubi," mimi nimefanya miaka yote.

"Kinubi," nikasema, "ni kama magoti, lakini ya chini zaidi. Unapiga magoti, halafu ukitaka kuomba kwa nguvu, unapiga kinubi. Paji la uso linagusa sakafu."

Mwalimu akauliza, "Nani alikufundisha hiyo?"

Hakuna mtu alinifundisha. Nilijifundisha. Kuna kupiga magoti, si ndiyo? Basi nikaona na hii ni jamaa yake. Na ubaya zaidi, akina mama wa safu ya nyuma walikuwa wameanza kuniiga. Mhubiri akitaja kinubi, safu mbili zinalala chini kama mahindi yamepigwa na mvua ya mawe. Na yeye alidhani ni Roho.

"Mama Njeri," mwalimu akasema, "kinubi ni chombo cha muziki. Kina bakuli, kina mikono miwili, kina nyuzi. Wewe si ni mtu wa Bungoma? Kwenu kinubi ndio litungu."

Darasa ilicheka mpaka chaki ikaanguka. Mimi sikusikia. Masikio yalifunga. Ile kitu malaika wanapiga mbinguni. Ile kitu maandiko inasema tumsifu nayo. Ile kitu mchunga kondoo alipigia mfalme mpaka kichwa ya mfalme ikatulia, ati kichwa ya mfalme ikatulia! Na mimi, binti wa wokovu, niliichukua na mikono yangu nikaipatia kuku.

Asubuhi nikapanda gari ya Misikhu bila kuaga soko.

Nilimkuta Mama Wekesa anakoroga pumba.

"Kile kitu cha mbao kilikuwa kwa kuku kitambo," nikamuuliza, "kilitupwa?"

"Kitu gani? Bakuri ya kuku? Si hiyo iko hapo ndani. Ni nguvu hiyo, haipasuki."

Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi niliinama vizuri sana. Nikaingia kwa kuku na tumbo, jogoo amesimama kwa mgongo wangu kama mtu wa baraza. Nikaipata. Mukomari ni mti wa kiume, haikuoza. Mkono mmoja ulikuwa bado umeshika. Mkono wa pili niliupata umekuwa komeo ya mlango wa kuku.

"Mama Njeri," Mama Wekesa akasema polepole, akiangalia hivyo vipande. "Hiyo si..."

"Ndiyo."

"Kwa hivyo wezi..."

"Ndiyo."

Akaketi chini juu ya pumba. Akacheka mpaka kuku wakaja kuangalia.

Nikaipeleka Bokoli kwa fundi mzee anajua hizi vitu. Akaigeuza, akapima, akanusa.

"Hii inanuka kuku."

"Mzee, ni hadithi ndefu."

"Hapana, si ndefu," akasema. "Naiona yote hapa."

Akaiweka ngozi mpya ya mbuzi, mkono mpya, nyuzi saba. Akaisugua na majivu na mafuta. Ilirudi kuwa litungu. Lakini harufu, mwanangu, hiyo haikutoka.

Sasa nilitegemea nini? Nilitegemea muujiza, kama sinema. Nimpe baba litungu, mbingu ifunguke, aseme Nasimiyu. Nikampa siku ya kwanza saa sita mchana. Akaipokea. Akaigeuza, mgongo wa bakuli juu. Akasema asante. Akamwita Mama Wekesa, "Nireteeni ugari."

Siku ya pili alitundika kofia juu yake.

Siku ya tatu nilikuwa nimekata tamaa. Nimeketi kwa ngazi ya varanda, litungu kwa mapaja, nagusagusa nyuzi na kidole kimoja, nikifikiria gari ya kurudi Kitale. Nyuma yangu sauti ikasema, "Wa tatu unadanganya."

Nikageuka. Baba alikuwa amefunga macho.

"Uzi wa tatu. Unadanganya wenzake. Kaza."

Nikakaza.

"Sasa umeua. Reta hapa."

Akaichukua. Na wakati huu hakuigeuza. Aliiweka pale mahali pake, kwa kifua, kama mtoto amejua mwenyewe titi la mama. Akazungusha, akagusa, akasikiliza, akazungusha. Hakujua ni siku gani, hakujua mwaka, lakini uzi wa tatu alijua tabia yake. Halafu vidole vikaanza. Kwanza vilijikwaa, vikaacha, vikaanza tena. Na sauti ikafuata, nyembamba, imekwaruza. Akaimba mama yangu, jina lake la usichana ambalo sikuwahi kusikia tangu nizaliwe. Akaimba baba ya mama na mto walivuka. Akaimba ndugu yangu. Akaimba Mama Wekesa, akataja na kwao, na Mama Wekesa akaacha kufua akasimama na povu kwa mikono.

Nikangoja zamu yangu.

Akaacha kupiga. Akainamisha kichwa. Akanusa ile mbao, mara moja, mara mbili.

"Inanuka kuku," akasema.

Akainua uso. Yale macho, mwanangu, yalikuwa yake. Ni yeye alikuwa ndani.

"Nasimiyu."

"Naam, Papa."

"Miaka hii yote, ndio unarudisha?"

"Papa... ulijua?"

"Kwani mayai nirikuwa naokota na nani? Siku ya piri tu nirisukuma mkono kutafuta yai, nikashika uzi wa nne."

"Na mbona hukusema? Mbona hukuitoa?"

"Niseme mbere ya mama za maombi ati mtoto wangu ameokoka na ni mwizi? Ungeonea wapi uso?" Akapapasa ngozi mpya. "Nirisema nitangoja. Mtoto akikomaa, atarudisha mwenyewe. Sasa wewe, wokovu urikuja haraka, kukomaa ndio kurichererewa."

Nikapiga magoti. Na hii mara nilijua ni magoti. Nikamwambia, Papa, nilikudanganya, nikadanganya kanisa, nikakunyima furaha yako miaka ishirini na tano kwa sababu niliogopa watu watasema nini. Nisamehe. Akaweka mkono juu ya kichwa yangu, ukakaa hapo mpaka nikafikiri amesahau kuna mtu chini ya mkono. Halafu akasema, "Rakini mayai yake yarikuwa matamu."

Sitakudanganya, ule uwongo wa mara mbili umenitosha. Jua halijashuka akaniita Losi tena. Na kesho yake. Litungu haikumponya baba, na mtu akikuambia kuna chombo inaponya uzee, huyo ni ndugu ya yule wa spika. Lakini kila siku baada ya chai anapewa litungu yake, na hapo katikati ya wimbo anajua watu. Wakati mwingine ni dakika kumi, wakati mwingine ni mchana mzima. Suruali sasa anavaa moja. Anaoga bila vita. Wazee wawili wa jirani wanakuja kumsikiliza, na mmoja ameanza kupiga chupa na kijiko, kwa hivyo hakai peke yake tena.

Tulipomrudisha kliniki, daktari akampa tena yale maneno matatu. Baba akasema, "Ngoja." Akaitisha litungu, tulikuwa tumeibeba. Akayaweka kwa wimbo hapo hapo, mbele ya wagonjwa wote: karamu, na mrango, na kuku wa Nasimiyu. Baada ya muda akaulizwa, akaimba yote matatu. Daktari akasema leo anamaliza karatasi bila kuuliza R ni ya nani. Mwaka bado alisema ni wa nzige. Sawa tu. Si kila kitu.

Halafu daktari akanigeukia mimi. "Na wewe mama, unapiga nini?"

"Mimi niko ngumbaru," nikasema na maringo.

"Vizuri. Ongeza. Kujifunza chombo hakuna umri, na hata ubongo wako wa miaka arobaini unapenda kitu kigumu."

Basi baba ndiye mwalimu wangu. Nikienda Misikhu naketi chini, yeye kwa kiti. Anasema vidole vyangu ni kama vya mtu anachuna miroo. Siku ile hajui jina langu ananiita "mwanafunzi mzee", na anakaza mkono wangu vile vile. Nimejua nyimbo mbili, moja na nusu ukisikiliza vizuri.

Na adhabu yangu? Iko. Akina mama wa kanisa letu walikuja kutoka Kitale kumwona. Baba akawaimba. Na kwa sababu mpiga litungu anaimba watu, akaniimba: Nasimiyu alipewa wokovu akaulinda na jogoo. Wakacheka, wakanigeukia, na mmoja wao akauliza, "Sasa hiki ndicho kinubi?"

"Ndicho."

"Kwa hivyo miaka hii yote tumekuwa tukilala sakafuni bure?"

Nikasema si bure. Mungu anaona nia, na sakafu ilipata kung'aa.

Sasa sikia, mwanangu, nikuambie bila kuzunguka. Furaha ya mzee wako usiifungie kwa kuku. Inaweza kuwa litungu, inaweza kuwa ngoma, filimbi, ama wimbo mmoja tu wa zamani unakuchosha. Usimwambie anyamaze. Huo wimbo ni mlango, na siku moja unaweza kuwa ndio mlango tu umebaki wa yeye kutokea akuite jina lako. Akianza kusahau, mpeleke hospitali mapema, usipeleke kwa spika. Na wewe mwenyewe usingoje uzee ukukute mikono mitupu. Jifunze kitu sasa, hata kikilia kama paka amekanyagwa, maanake kichwa ni shamba, haitalimika siku ya kuvuna. Na ukiwa na dini, mshukuru Mungu, lakini neno usilolijua, uliza kabla hujalilalia chini. Na kama ulificha kitu cha mtu, rudisha angali anaweza kukugombeza. Kugombezwa na anayekujua ni baraka, mimi nimeionja.

Mungu akupe vidole visivyochoka na masikio ya kusikia uzi unaodanganya. Akuzeeshe polepole katikati ya watu, na siku kichwa yako itapotea njia, akupatie mtoto wa kukupigia wimbo mpaka urudi. Amina, na mulembe, yaani amani, kwako na kwa nyumba yako.

Na hii habari usikae nayo. Mwambie mwenzako mmoja, hasa yule ana baba ama mama ametulia kimya sana siku hizi. Mwambie aende nyumbani amuulize mzee alikuwa akipenda kuimba nini. Na kabla hajauliza, aangalie kwanza kwa kuku.